Kioo cha Moto na Pilau ya Dada Mwanaidi

Kama umewahi kusikia kwamba Tanga kuna mtu alichimba shimo akazika pilau ya shughuli nzima, sufuria nne, nyama na viazi na zabibu zake, basi usihangaike kuuliza ni nani, ni miye. Naitwa Hamisi, fundi wa alumini na vioo, kibanda changu kiko Ngamiani, na mpaka siku ile nilikuwa mtu wa kutembea kifua mbele. Nasema haya kwa aibu, na aibu yenyewe haijapoa, maana hata juzi sokoni mama mmoja alinipimia mchele huku anacheka peke yake, nikajua kabisa kinachomchekesha, nikachukua mfuko wangu nikaondoka bila hata kudai nyongeza.

Dada yangu Mwanaidi ndiye mkubwa wetu, na ndiye aliyenilea. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, na tangu hapo dada akaishi kwa mwiko (namaanisha mwiko wa kupikia): harusi, hitima, maulidi, popote mjini panapotakiwa pilau ya watu wengi, anaitwa yeye. Kwa kazi hiyo akasomesha wanawe, halafu kidogo kidogo, tofali baada ya tofali, akajenga Makorora jengo la ghorofa moja, chini jiko kubwa na stoo, juu ukumbi wa shughuli. Ngazi ya kupandia ukumbini inapita ubavuni mwa jiko, na kati ya jiko na ngazi dada alitaka dirisha kubwa la kioo, ili akiwa kwenye sufuria zake awaone wageni wake wakipanda na nguo zao nzuri. Alinieleza hivyo akicheka kama msichana. "Miaka yote napikia harusi za watu nikiwa uani, Hamisi. Safari hii na miye nione harusi."

Dirisha hilo ndilo lililoniponza.

Watu wa zimamoto walipokuja kukagua walimtuma binti mmoja, Afande Naomi, Msambaa wa kule milimani, mpole, sauti yake ya chini mpaka umsogelee ndiyo umsikie. Akapanda ngazi, akashuka, akasimama mbele ya lile tundu la dirisha, akasema, "Mama, jengo lako zuri sana. Lakini watu wa juu hawana pengine pa kutokea, ni ngazi hii tu. Moto ukianza jikoni, kioo cha kawaida kitapasuka, na moto utatokea hapa hapa na kuwakatia njia. Kwa hiyo ama uzibe kwa tofali, ama uweke kioo maalumu kinachozuia moto. Nitakuandikia barua, kila kitu kitakuwemo."

Dada, kwa kuwa ni mtu wa akili, alisema basi na tuzibe. Ni miye niliyedakia. Walikuwepo mafundi wengine pale, mwashi na fundi umeme, na miye nikaona nikinyamaza nitaonekana sijui kazi. Nikasema, "Kuziba kwa nini? Kioo cha moto kipo, kimejaa tele. Mambo ya vioo niachie miye, dada."

(Kioo cha moto nilikuwa sijakiona kwa macho yangu hata siku moja. Nilikuwa nimekisikia tu.)

Barua ikaja. Ilikuwa na kurasa mbili, na miye nikasoma ule wa kwanza, wenye salamu na jina la jengo na maneno ya kisheria, nikaona nimeelewa, nikaikunja. Nikampigia simu muuza vioo wa Dar ninayechukua mali kwake. Kibandani walikuwa wamekaa wateja wawili kwenye benchi wananisikiliza, na miye nimeweka sauti ya mtu mkubwa. Nikamwambia nataka kioo cha moto. Akauliza, "Cha dakika ngapi, kaka? Na unataka kizuie moto peke yake, au na joto lake?"

Jamani. Dakika za nini? Kilichotakiwa pale ni kusema, "Sikuelewi, hebu nifafanulie," maneno ambayo hayamuui mtu. Lakini wale wateja wananitazama, na miye ndiye fundi, nikamjibu, "Nipe cha kawaida tu."

"Kaka, cha moto hakina cha kawaida. Na hakipo dukani, kinaagizwa, kinachukua wiki kadhaa."

"Basi nitakupigia," nikasema. Sikupiga.

Nikakaa nikafikiri, na fikira zangu zilikuwa hivi (mnicheke tu, hapa ndipo penyewe): kipo kioo kigumu, kile cha milango ya maduka makubwa, ambacho kikivunjika hakitoi mapande ya kukata bali kinasambaratika vipunje vipunje. Kioo kile hupikwa kiwandani kwenye tanuri, kinatiwa moto mpaka kinakaribia kulegea. Nikajiambia, sasa kitu kilichopita kwenye tanuri kikatoka kizima, jiko la Mwanaidi litakifanya nini? Na kinapatikana kwa siku chache, na harusi ya kwanza ya ukumbi ilikuwa imeshapangwa, ya binti wa mzee Kombo, mtu mzito pale mtaani, ambaye dada alimwahidi mbele ya watu. Basi nikaagiza. Na kwa haraka nikakosea vipimo, kikaja kikubwa, na kioo cha namna ile kikishapikwa hakikatwi, kwa hiyo nikaagiza cha pili, na kile cha kwanza nikakiegemeza uani kwenye ukuta wa jengo. Kumbukeni hilo la kukaa pale uani, maana laiti ningekirudisha kibandani nisingekuwa nasimulia.

Nilipomaliza kukifunga kwenye fremu ya alumini, kikang'aa, dada akakigusa kwa ncha ya kidole akauliza, "Hiki ndicho?"

Nikasema, "Ndicho."

Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, wa kitoto na wa kiutu uzima, lakini hakuna ulionikaa kooni kama neno hilo moja.

Ikafika Jumamosi ya dua ya kufungua ukumbi. Dada alikuwa amepika tangu alfajiri uani, kwenye mafiga, na kina mama wa mtaa wakimsaidia, harufu imeshika mtaa mzima. Watu wamejaa: majirani, jamaa zetu wa Muheza waliokuja na magunia ya machungwa, walimu wa madrasa, mzee Kombo na nduguze waliokuja kuutazama ukumbi kwa ajili ya harusi yao. Dua ikasomwa vizuri, watu wakaitikia, vifuniko vya sufuria vikafunuliwa, sinia zikapangwa chini kwenye mikeka tayari kwa kupakua. Hapo ndipo akaja Afande Naomi. Dada alimwalika kama mgeni, na yeye kasema atatumia nafasi hiyo hiyo kutazama lile dirisha, ili barua ya ruhusa itoke mapema.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, afande, karibu."

Akainama akakitazama kioo kwenye pembe zote nne, anatafuta alama. Akaipapasa fremu. Kisha, na hili naomba mlisikie, hakusema kitu mbele za watu. Aliniita pembeni, karibu na ngazi, akaniambia kwa ile sauti yake, "Fundi, hiki si chenyewe. Hiki ni kigumu, lakini si cha kuzuia moto. Hakina alama. Halafu fremu ya alumini inayeyuka. Usimwambie mama sasa hivi, acha shughuli yake iishe. Jumatatu njoo ofisini tulipange."

Yaani binti wa watu alinifungulia mlango wa kutokea, tena mpana. Na miye nikaufunga kwa mikono yangu miwili. Nilijisikia damu imenipanda masikioni, nikaona mzee Kombo anatutazama, nikaona fundi umeme naye anatutazama, nikapaza sauti, "Unanifundisha kazi yangu? Miye nakata vioo wewe hujazaliwa!"

Watu wote wakageuka. Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kuna nini, Hamisi?"

"Hakuna kitu, mama," Afande Naomi akasema.

"Kipo!" nikasema. "Anasema kioo changu si cha moto. Sasa twendeni uani, kila mtu aone kwa macho yake."

Nikakibeba kile kioo cha kwanza, nikasukuma makaa ya figa moja yakatandazika, nikapanga matofali huku na huku, nikakilaza juu yake. Figa lenyewe lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye sufuria za pilau. Afande Naomi hakubishana nami. Nilimwona akiwashika watoto mabega na kuwarudisha nyuma, anawaambia kina mama wasogee, wasogee tena, mpaka ukutani. Miye nikaona anaharibu onyesho langu. Leo najua kwamba kama si yeye, ningekuwa nasimulia habari ya mtoto wa mtu aliyepofuka.

Kikakaa juu ya makaa. Dakika moja, mbili, kiko vile vile. Watu wakaanza kunong'ona, fundi umeme akasema, "Kweli kinahimili," na miye nikajizungusha kama jogoo. Kikakaa mpaka nikachoka mwenyewe kungoja. Nikasema, "Afande, unaona? Kimepasuka?"

Akajibu, bado kwa adabu, "Fundi, weka mkono juu yake. Kama joto linapita, watu kwenye ngazi wataungua hata kisipopasuka. Na moto ukiwaka watu humwaga maji, kioo hiki kikipata moto kisha kikapata maji—"

Sikumngoja amalize. "Maji? Nileteeni maji!"

"Usimwage, fundi!" Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti.

Nikachota kata nzima kwenye pipa nikamwaga.

Mlio wake siwezi kuuelezea. Ulikuwa kama bati la paa limepigwa na jiwe kubwa. Kioo chote kilikwenda kwa mpigo mmoja, hakikubaki kipande cha ukubwa wa kiganja, vyote vipunje, na vipunje vile vya moto viliruka juu kama bisi vikashuka vikimeremeta juani, vikashuka juu ya mikeka, juu ya sinia, na ndani ya sufuria zote nne zilizokuwa wazi. Miye nikapata michubuko mkononi na nyusi moja ikaungua, basi, hakuna mwingine aliyeguswa, na hilo ni la kumshukuru Mungu na yule binti.

Makaa yalikuwa bado yanalia kwa maji niliyoyamwaga. Dada akaisogelea sufuria ya kwanza. Akachota kwa mwiko, akausogeza machoni, akaugeuza kwenye mwanga. Kwenye punje za mchele mlikuwa na punje nyingine zinang'aa, kama chumvi ya mawe. Akaenda ya pili. Ya tatu. Nilitamani anipige na ule mwiko. Hakunipiga. Aliuweka chini taratibu, akajifuta mikono kwenye leso yake, akawaambia kina mama, "Toeni tende na kahawa. Na machungwa ya Muheza yapo, myamenye. Watu wasiondoke na njaa."

Na watu, kwa heshima yake yeye, wakala machungwa. Hebu fikirieni, shughuli ya Mwanaidi, mpishi anayejulikana toka mjini mpaka Pangani, watu wamekaa kwenye ukumbi wake mpya wanafyonza machungwa huku harufu ya pilau inawapanda puani kutoka chini.

Mwalimu wa madrasa akasema pilau ile isiachwe wazi, kuku na mbuzi wa watu watakufa, izikwe. Nikaomba jembe. Nilichimba peke yangu nyuma ya jengo, hakuna aliyejitolea kunisaidia, wala miye sikumtazama mtu usoni. Nikamimina sufuria ya kwanza, mvuke ukatoka shimoni, iliki na mdalasini vikanipanda kichwani, nikaendelea, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikafukia. Na hata baada ya kufukia, udongo ule ulikuwa unanukia.

Niliporudi nikamkuta mzee Kombo anamuaga dada. Alikuwa anazungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Mwanaidi, mwanangu, si kwa ubaya. Lakini nimesikia alivyosema yule afande. Watu wangu wote wangekuwa kule juu, na ngazi ni hiyo hiyo moja. Nitatafuta ukumbi mwingine."

"Naelewa, baba," dada akasema. "Hata miye ningefanya hivyo."

Watu walipokwisha kuondoka, dada akakaa kwenye kigoda mbele ya lile dirisha, nami nikasimama kama mwanafunzi. Nikaanza kueleza, habari ya wiki kadhaa, habari ya harusi, habari ya tanuri. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Ile barua ukurasa wa pili uliusoma?"

Nikatikisa kichwa.

"Miye sikusoma sana, ningeweza kumpa mtu mwingine anisomee. Nilikupa weye kwa kuwa ni ndugu yangu." Akanyanyuka, akaanza kuosha sinia ambazo hazikuliwa kitu. Nilitaka kumsaidia, akasema, "Nenda nyumbani, Hamisi."

Usiombe kuambiwa "nenda nyumbani" na mtu aliyekulea.

Kwenye ule ukurasa wa pili, nilipousoma Jumapili, kila kitu kilikuwemo, kwa Kiswahili chepesi kabisa: kioo cha kuzuia moto pamoja na joto lake kwa dakika sitini, maana yake upande wa pili mtu aweze kupita ngazini saa nzima bila kuungua, fremu ya chuma, raba maalumu, na cheti cha kiwanda. Dakika zenyewe ndizo hizo. Hata mtoto wa shule angeelewa.

Jumatatu nikaenda ofisini kwa Afande Naomi. Nilijipanga njiani maneno ya kuomba radhi, maneno mazuri, nikafika nikayasema yote. Akanisikiliza. Akasema, "Nimekusamehe, fundi, hayo yamekwisha." Nikashusha pumzi. Kisha akachukua karatasi na kalamu, akauliza, "Kioo kama kile, ukawaambia watu ni cha moto, umekiweka wapi kwingine?"

Sikutegemea. Maana palikuwepo. Kwa kuona nilivyofanikiwa kwa dada, wiki ile ile kabla ya dua, nilikuwa nimefunga kioo kama hicho kwenye shule ya chekechea, hapo hapo Makorora, kati ya jiko la uji na chumba cha watoto. Mwalimu mkuu, Mwalimu Paulina, aliniuliza swali lile lile la dada, nami nikampa jibu lile lile.

Afande Naomi akasema, "Twende sasa hivi. Lakini utamwambia mwenyewe."

Tulifika watoto wako nje wanaimba. Mwalimu Paulina, mama wa makamo, mtu wa kanisani, asiyependa mchezo, alitukaribisha vizuri akidhani nimekuja kumalizia silikoni, ile gundi ya kuzibia kingo za kioo. Nikamwambia, nimesimama, kofia mkononi. "Mwalimu, kile kioo nilichosema ni cha moto si cha moto. Nilisema bila kujua."

Hakugomba. Alisema tu, "Njoo uone," akafungua mlango wa chumba cha watoto. Na chini ya lile dirisha langu, kwa kuwa alishaambiwa na fundi kwamba ukuta ule sasa ndio salama kuliko zote, alikuwa amehamishia mikeka ya kulalia watoto mchana. Mikeka midogo, imepangwa mstari, kila mmoja una jina limeandikwa kwenye kitambaa kikashonewa. Akasema, "Ijumaa tu niliwaambia wazazi wasiwe na wasiwasi. Nikakutaja jina."

Tuliihamisha, miye na yeye na afande, mkeka mmoja mmoja, mpaka ukuta wa upande wa pili. Niliyasoma majina yote.

Vioo vyenyewe vilikuja baada ya wiki kadhaa, viwili, na alama zake na vyeti vyake, nikavifunga kwa gharama yangu kwenye fremu za chuma, Afande Naomi amesimama pembeni na barua mkononi, nami namuuliza kila hatua, hata ile niliyokuwa naijua. Ukumbi wa dada ukapata ruhusa. Harusi ya kwanza iliyofanyika pale haikuwa ya binti wa mzee Kombo, ilikuwa ya watu wengine, na dada aliwaona wakipanda ngazi kama alivyotaka. Hanisemi vibaya kwa mtu. Lakini akiniuliza jambo siku hizi, nikishamjibu, hubaki ananitazama usoni kidogo kabla ya kukubali, na hicho kitambo kidogo ndicho ninachokilipa mpaka leo.

Habari ya pilau nimeisimulia mara nyingi, kwenye kahawa, misibani, hata kwa wateja, na siku hizi naicheka mwenyewe kabla hawajaanza wao. Hii ya mikeka sijawahi kumwambia mtu, ndiyo mara ya kwanza inanitoka mdomoni. Nimeweka nadhiri kwamba nikiulizwa nisilolijua nitajibu "sijui" hapo hapo, awepo mteja, awepo mkwe, awepo nani. Nimeshalisema mara kadhaa. Kila mara linanichoma, na kila mara nalisema.